Mche wa Aprili, nani ataumwagilia Septemba?

Kila masika yanapoanza, miche husafiri. Hutoka vitaluni ikiwa ndani ya viriba vyeusi, hupakiwa kwenye pikapu na malori, kisha hupandishwa kwenye njia za udongo za miteremko ya Mlima Meru. Pamoja nayo huja wanafunzi wa vyuo waliovaa fulana zenye ujumbe wa kutunza mazingira, wakifuatana na walimu wao, viongozi wa vijiji na wapiga picha.

Tarehe 1 Aprili, ambayo ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, shughuli kama hizo hufanyika sehemu nyingi nchini. Mashimo huchimbwa, hotuba husomwa, na jioni hutangazwa idadi ya miche iliyopandwa.

Hakuna ubaya katika hilo. Kijana aliyeshika jembe ana faida kuliko aliyekaa kijiweni. Tatizo ni kwamba hesabu husimama hapo hapo. Ni nadra kumsikia mtu akirudi mwezi Oktoba, vumbi likiwa limetanda, kutangaza miche mingapi bado iko hai.

Kwa mkulima mwenye ekari moja au mbili, hilo si jambo dogo. Mti ni akiba yake. Ni kuni za mama nyumbani, ni paa la nyumba ya kijana anayetaka kuoa, ni ada ya shule pale kahawa inapokosa bei. Mche unapokufa, mwanafunzi hupoteza siku moja ya kazi, lakini mkulima hupoteza miaka kumi ya kusubiri, pamoja na nafasi ya ardhi ambayo ingezaa kitu kingine.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu klabu za mazingira na programu za vyuo zinazowafikia wananchi ni moja: baada ya wageni kuondoka, shambani kimebaki nini?

Elimu iko mlangoni

Olmotonyi, katika wilaya ya Arumeru, ni mahali panapofaa sana kuulizia swali hilo. Chuo cha Misitu kilichopo hapo, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1937, kimetoa mabwana na mabibi misitu waliotawanyika nchi nzima. Karibu nacho upo msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wenye zaidi ya hekta 800, ambako wanafunzi kutoka Morogoro huja kujifunza kwa vitendo namna ya kupima, kupogolea na kuvuna miti. Katika eneo hilo hilo kuna Shamba la Miti Meru/Usa, ambalo liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Ukishuka upande wa Ngaramtoni kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, ambacho jina lake limo katika mbegu za maharage kama Selian 97. Upande wa pili wa jiji la Arusha, huko Tengeru, kuna watafiti wa mboga na matunda, na ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoanza kufundisha mwaka 2011.

Ni wakulima wachache nchini waliozungukwa na wasomi wengi kiasi hicho. Kama kuna mahali ambapo elimu ya chuo ingepaswa kuvuka uzio na kuingia shambani bila shida, ni hapa. Kitakachowezekana Olmotonyi kinaweza kujaribiwa kwingine. Kikishindikana hapa, itakuwa vigumu kukitegemea kule ambako bwana misitu huonekana mara moja kwa mwaka.

Kalenda mbili zisizokutana

Sababu ya kwanza ya miche kufa haina uhusiano na uvivu wa mtu yeyote. Ni kalenda.

Masika katika ukanda huu hunyesha kati ya Machi na Mei. Ndiyo maana upandaji hufanyika Aprili, na ni sahihi kitaalamu. Baada ya hapo huja miezi ya baridi na mawingu ya Juni na Julai, kisha ukame wenyewe wa Agosti, Septemba na Oktoba hadi vuli inapoanza. Mche uliopandwa Aprili huingia kiangazi chake cha kwanza ukiwa na mizizi mifupi, na ni katika miezi hiyo mitatu ndipo hujulikana kama utaishi.

Katika miezi hiyo hiyo vyuo vikuu vingi huwa vimefunga. Mwaka wa masomo huisha Julai, na wanafunzi hurudi Oktoba au Novemba. Klabu iliyopanda miche Aprili huwa haipo Septemba. Inaporudi, mara nyingi ina viongozi wapya, kwa sababu wale wa mwaka wa mwisho wamehitimu na wameondoka na daftari lao.

Kwa mkulima nako kuna kalenda yake. Mahindi yakishavunwa, mifugo huingizwa shambani kula mabua. Mbuzi hajui tofauti kati ya bua la mahindi na mche wa mgrivea. Kama mche haukuzungushiwa miiba au matawi, na kama hakuna mtu aliyeona kwamba ni mali yake, hauwezi kufika Desemba.

Kwa maneno mengine, msaada huja wakati mvua inafanya kazi yenyewe, na huondoka wakati mkono wa binadamu unahitajika.

Hesabu ya mche ulio hai

Wafadhili na vyuo hupenda kutaja miche iliyopandwa kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Lakini mfanyabiashara yeyote wa Ngaramtoni anajua kwamba bei ya mzigo haikamiliki hadi uhesabu ulioharibika njiani.

Mfano rahisi unatosha. Klabu ina miche 1,000, na kila mche, pamoja na kiriba, udongo, samadi na usafiri, umegharimu shilingi 500. Jumla ni shilingi 500,000. Ikiwa kufikia mwaka wa pili imebaki miche 300, basi kila mche ulio hai umegharimu karibu shilingi 1,670. Gharama imepanda zaidi ya mara tatu, ingawa kwenye taarifa bado imeandikwa shilingi 500.

Sasa klabu hiyo hiyo iweke ahadi ya kumlipa mkulima shilingi 200 kwa kila mche utakaokutwa hai baada ya mwaka mmoja. Ikiwa uangalizi huo utafanya miche 800 ipone, malipo yatakuwa shilingi 160,000, na gharama yote itafika shilingi 660,000. Gawanya kwa miche 800, kila mche ulio hai umegharimu shilingi 825, yaani nusu ya ile hesabu ya kwanza.

Bei za kila kijiji zitatofautiana, na si kila mahali miche 800 itapona. Lakini hata wakipona 500 tu, malipo yatakuwa shilingi 100,000 na kila mche utakuwa umegharimu shilingi 1,200, ambayo bado ni nafuu. Fedha inayolipia uhai wa mche hufanya kazi kubwa kuliko inayolipia sherehe ya kuupanda.

Wazo hilo si geni Afrika Mashariki. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Wanawake wa vijijini waliootesha na kupanda miche walilipwa kiasi kidogo kwa ile iliyoshika na kuishi. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo sana, lakini kilimfanya mama apite kuutazama mche wake. Msomi huyo, ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, alielewa kwamba hotuba peke yake haimwagilii mti.

Somo lililoko msituni

Wakulima wa maeneo ya Meru na Kilimanjaro wana ushahidi wao wenyewe. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiruhusiwa kulima mahindi, maharage na viazi katikati ya miti michanga ya mashamba ya serikali, utaratibu ambao wataalamu huuita taungya. Mkulima hupata ardhi, na msitu hupata mtu wa kupalilia.

Mwaka 1992 watafiti wa SUA, wakiwamo S.A.O. Chamshama na G.C. Monela, walichapisha utafiti wao kuhusu utaratibu huo katika shamba la miti la Kilimanjaro Kaskazini. Waliona kuwa katika miaka ya mwanzo kilimo hicho kilikuwa na manufaa pande zote: miti ilipona vizuri, wakulima walipata chakula na fedha, na gharama za kuanzisha msitu zilipungua.

Siri yake haina uchawi. Mti ulipona kwa sababu kulikuwa na mtu aliyefika hapo mara kwa mara kwa ajili ya maharage yake. Alipopalilia maharage, alipalilia na mti.

Hata hivyo utaratibu huo una kasoro yake, nayo inafundisha pia. Miti inapofunga kivuli, mkulima hulazimika kuondoka, na mbao zitakazovunwa baadaye si zake. Mtu wa namna hiyo hana haraka ya kuona miti inarefuka. Pale ambapo mti ni wa mkulima mwenyewe, katika mpaka wa shamba lake au kihamba chake, kasoro hiyo huondoka. Hapo ndipo wanafunzi wanapaswa kuelekeza nguvu.

Mkulima anahitaji zaidi ya mche

Kosa jingine ni kudhani kwamba mkulima hapandi miti kwa kuwa hajui umuhimu wake. Yeyote anayepita katika vijiji vya Waarusha na Wameru ataona migrivea mipakani, migomba chini yake na kahawa katikati. Wazee hawa hawahitaji kuambiwa kwamba miti ni uhai. Wanahitaji kujua mti upi, upande wapi, na utauzwaje.

Mgrivea hupendwa kwa sababu unapogolewa kila mwaka na kutoa kuni, huku shina likiendelea kunenepa kwa ajili ya mbao. Mkaratusi hukua haraka na hutoa nguzo na mirunda, lakini hunywa maji mengi na haufai karibu na chemchemi au katikati ya mahindi. Mparachichi wa kubebesha hutoa matunda ya kuuza ndani ya miaka michache, lakini unahitaji maji na uangalizi tangu mwanzo. Klabu inayoleta aina moja ya mche kwa kijiji kizima kwa sababu ndiyo iliyokuwapo kitaluni inamchagulia mkulima biashara bila kumuuliza.

Hatari ya kutegemea aina moja inajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vidukari vya misaipresi vilienea Afrika Mashariki, vikakausha miti katika mashamba makubwa na ua wa nyumba za watu. Aliyekuwa na misaipresi peke yake alipata hasara ambayo mwenye miti mchanganyiko hakuipata.

Lakini eneo ambalo mwanafunzi wa misitu angeweza kumsaidia zaidi mkulima ni sokoni. Wakulima wengi huuza mti ukiwa umesimama, na bei hupangwa kwa kukadiria kwa macho. Macho ya mnunuzi wa mbao yamezoea. Ya mkulima anayeuza mti mara moja katika miaka kumi hayajazoea. Katika mapatano hayo ni wazi nani atapunjwa.

Kupima mti ni somo la awali kabisa chuoni. Unazungusha utepe kwenye shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha unagawa kwa 3.14 kupata kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha karibu sentimita 30. Kama shina linalofaa lina urefu wa mita 15, mti huo una takriban nusu mita ya ujazo ya gogo, baada ya kuzingatia kwamba shina hupungua unene kuelekea juu. Sehemu kubwa ya gogo hilo itageuka mabanzi na pumba wakati wa kupasua, na mnunuzi ana haki ya kulitaja hilo. Lakini angalau pande mbili zitakuwa zinazungumzia namba moja.

Wanafunzi kumi wenye tepe wanaweza kupima miti ya kitongoji kizima kwa siku chache na kumwachia kila mkulima karatasi yenye idadi na ujazo. Kazi hiyo haihitaji lori wala mgeni rasmi. Wangeweza pia kumweleza kwamba mazao ya misitu huhitaji hati ya kusafirishia, na kwamba ni vema kufika kwa ofisa misitu wa wilaya kuuliza utaratibu kabla ya kuangusha mti, ili mzigo usije ukakamatwa kizuizini na faida yote ikaishia hapo.

Wasomi wa Tanzania wamewahi kufanya hesabu za aina hii kwa kiwango kikubwa. Mkoani Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho na miti. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lililorejeshwa lilikadiriwa kufika hekta 300,000 na zaidi. Utafiti ulioongozwa na Profesa Monela na kutolewa mwaka 2005 ulikadiria kuwa manufaa ya ngitili yalifikia Dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Tangu hapo, aliyetaka kutetea ngitili alikuwa na namba ya kuweka mezani.

Klabu zitetewe, lakini zibadilike

Wapo watakaosema kwamba klabu za wanafunzi hazikuundwa kwa ajili ya biashara ya mbao. Kazi yake ni kujenga moyo wa kupenda mazingira. Hoja hiyo ina uzito. Malihai Clubs zimewafundisha watoto wa shule za Tanzania kupenda wanyamapori kwa zaidi ya miaka arobaini. Roots & Shoots, iliyoanzishwa na marehemu Jane Goodall jijini Dar es Salaam mwaka 1991 na kikundi kidogo cha wanafunzi, imeenea katika nchi nyingi duniani. Watu wengi wanaofanya kazi ya uhifadhi leo walianzia kwenye vikundi kama hivyo.

Ni kweli pia kwamba klabu za vyuo ni za kujitolea. Mwanachama wake hana nauli, ana mitihani, na mara nyingi fedha kidogo inayopatikana huja na sharti la kutumika kabla ya tarehe fulani na kuonyeshwa kwa picha. Kumlaumu kijana huyo peke yake si haki.

Lakini shule na shamba ni vitu viwili tofauti. Shuleni mche unaweza kuwa kifaa cha kufundishia, na ukifa somo limebaki. Shambani mche umechukua ardhi ya mtu. Anayeingia kwenye shamba la mwenzake ameingia kwenye mtaji wa mwenzake, na ni lazima ajibu kama mshirika.

Mambo manne yanawezekana bila kusubiri mradi mkubwa.

Kwanza, vyuo vitumie mafunzo kwa vitendo ya Julai hadi Septemba kuziba pengo la kalenda. Wapo wanafunzi ambao hutakiwa kufanya mafunzo hayo katika miezi hiyo. Baadhi yao wapangwe katika vijiji vile vile ambako klabu ilipanda miche Aprili, na kazi yao ipewe alama kulingana na miche iliyopona na wakulima waliosaidiwa.

Pili, hesabu rasmi ifanyike mwishoni mwa Oktoba, kabla ya vuli. Daftari likae ofisi ya kijiji, ambako viongozi wa klabu hawahitimu na kuondoka nalo. Kila taarifa kwa mfadhili iwe na safu mbili: iliyopandwa na iliyo hai.

Tatu, sehemu ya fedha ya upandaji izuiwe na kulipwa kwa mkulima kwa mche ulio hai. Wanaopanda na kumwagilia mara nyingi ni akina mama, hivyo jina litakaloandikwa kwenye daftari liwe la anayefanya kazi.

Nne, mkulima achague mti kabla mbegu haijapandwa kitaluni. Kikao kimoja mwezi Septemba kinaweza kuokoa maelfu ya miche isiyotakiwa mwezi Aprili.

Wakulima nao wana wajibu wao. Mche wa bure huonekana hauna mwenyewe, na kijiji kinachoachia mbuzi wazurure baada ya mavuno hakiwezi kulaumu chuo. Vijiji vina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kuhusu mifugo inayozurura, na kutumia mamlaka hayo hakuhitaji msomi kutoka nje. Vilevile, mkulima asiogope kugonga mlango wa chuo kilichoko jirani yake. Kodi yake imo katika majengo yale.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi wa vyuo wamepokelewa kwa ukarimu kwenye miteremko ya Meru kwa miaka mingi, na siku zao mbili zimekwisha. Masika yajayo watakapokuja na miche, mwenyekiti wa kijiji awakaribishe, awape maji ya kunywa, kisha afungue daftari na kuwauliza ni nani kati yao atakayekuwapo Septemba.